Malalamiko kuhusu suruali za usalama na chensoo mlizoniuzia

Mafinga, Iringa

Kwa Meneja Mkuu,
Kupitia kwa Msimamizi wa Tawi

Ndugu,

YAH: SURUALI ZA USALAMA ZISIZOKIDHI KIWANGO, CHENSOO ILIYONOKI, NA KAULI YA MHUDUMU WENU KWA MAJERUHI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo sikuipata nilipofika dukani kwenu. Masharti ya waranti na utaratibu wa kurudisha bidhaa yenye kasoro sitawaeleza, mmeyachapa wenyewe nyuma ya ankara. Ninachotaka mkijue ni kilichotokea kauntani, maana nina hakika hakuna aliyewaambia.

Nilikuja na kijana wangu, opereta wa chensoo (msumeno wa injini), akiwa na bandeji kutoka juu ya goti hadi katikati ya paja, anachechemea. Niliweka kauntani ile suruali iliyochanika, damu imekaukia kwenye kitambaa. Mhudumu wenu aliisukuma pembeni kwa ncha ya kalamu. Hakuifunua, hakusoma lebo. Akamtazama kijana, akamwambia mbele ya wateja waliokuwa wanasubiri spea: "Ingekuwa feki ungekuja hapa kwa miguu yako?" Fundi aliyekuwa nyuma yake akacheka.

Jibu la swali hilo ninalo, na nalitoa hapa kwa maandishi kwa kuwa pale sikupewa nafasi. Kijana alikuja kwa miguu yake kwa sababu alikuwa ameshaachia mafuta. Alikuwa anakata matawi ya msindano ulioanguka, tawi lililobeba uzito likakatika mapema, bapa, yaani kile chuma kirefu kinachobeba cheni, likashuka kwenye paja la kushoto wakati cheni inaelekea kusimama. Ingekuwa bado imevutwa mafuta, leo tungekuwa tunaongea mengine. Hata kwa mwendo huo mdogo suruali yenu haikusimamisha kitu. Cheni ilipita kitambaa cha juu, ikapita kilichokuwa ndani, ikafika kwenye nyama. Ameshonwa nyuzi, na daktari amesema asipande mlima wala asibebe mashine mpaka atakapomruhusu.

Nyinyi mnauza vifaa hivi na mnajua vinavyofanya kazi. Suruali ya opereta haimlindi mtu kwa ugumu wa kitambaa, kwani hakuna kitambaa cha kushona kinachoweza kushindana na meno ya cheni. Kinachookoa mguu ni tabaka za nyuzi ndefu zilizolazwa ndani bila kukazwa. Meno yakishapasua nje yanazivuta, zinakwenda kujisokota kwenye sproketi, ile gia inayozungusha cheni, na cheni inakwama papo hapo. Ndiyo maana suruali hizi hupimwa kwa mwendo wa cheni: daraja la 1 mita 20 kwa sekunde, la 2 mita 24, la 3 mita 28. Lebo yenu ina picha ya chensoo ndani ya ngao, imeandikwa daraja la 1, na namba ya kiwango EN ISO 11393-2 ipo. Nilipouliza ushauri siku ya kununua, mhudumu huyo huyo aliniambia kwa watu wanaofanya kazi chini, wasiopanda mti, aina A inayokinga mbele ya mguu inatosha. Nikaamini. Nikanunua za kikosi kizima, kwa risiti ya EFD.

Baada ya ajali nilichukua suruali nyingine ambayo haijavaliwa, bado ina kikaratasi cha bei, nikafumua mshono wa paja. Ndani kuna sponji. Sponji nyembamba ya njano, ya kutengenezea makochi, imeshonewa kati ya vipande viwili vya polista. Hakuna uzi wa kuvutika hata mmoja. Ukiibana kwa vidole viwili inakatika kama mkate. Nimeipiga picha pamoja na lebo, sura kwa sura, na picha nimeambatisha.

Sasa kuhusu chensoo, ambayo ndiyo ilinileta kwenu mara ya kwanza, kabla ya ajali.

Ile mashine kubwa ya kuangushia milingoti ilikuja kwenu kwa sevisi ikiwa nzima. Mlifungua kabureta, mkabadilisha raba inayoiunganisha na silinda, mkaniandikia kwenye kadi kwamba kazi imekamilika. Iliporudi msituni ikaanza kupiga kelele za juu hata kama hujavuta mafuta, na ukiachia inachelewa kutulia. Nikapiga simu, nikaambiwa ni raba mpya, itazoea. Haikuzoea. Ilinoki katikati ya gogo. Nilipoirudisha, fundi wenu alitoa pistoni iliyokwaruzika na kusema tumechanganya mafuta vibaya, kwa hiyo waranti hakuna.

Tunachanganya 50 kwa 1, mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, kwa kikombe cha kupimia mlichotuuzia nyinyi, na kwa oili iliyotajwa kwenye kitabu cha mashine. Kidumu chenyewe nilikuja nacho. Hakuna aliyefungua hata kifuniko. Mashine zangu nyingine zinakunywa kidumu hicho hicho na hadi leo zinapiga kazi. Ingekuwa oili imekosekana, zingekufa zote.

Nikaipeleka kwa fundi wa Makambako. Huyu hana cheti ukutani kama vile vya kwenu, lakini alifanya kazi ambayo nyinyi mlitakiwa kuifanya. Aliziba tundu la ekzosi na la kabureta, akajaza hewa kwa pampu ndogo, akapaka maji ya sabuni kuzunguka injini. Mapovu yakatoka pale pale kwenye raba mliyofunga. Kibano chake hakikukaa kwenye mfereji, kimeikata raba ukingoni. Injini ilikuwa inavuta hewa ya ziada kila ilipozunguka, na kwa mashine hizi petroli ndiyo inayobeba oili, hivyo petroli ikiwa kidogo kuliko hewa na oili nayo inapungua. Hapo pistoni haiwezi kupona. Fundi wenu anajua hili, au hapaswi kushika mashine ya mtu.

Fundi wenu pia alisema watu wa magogo hatujui kutunza mashine. Hili limeniudhi, kwa sababu kikosi changu kila jioni kabla ya kula kinapiga brashi chujio la hewa, kinasafisha mfereji wa bapa, kinazibua tundu la oili ya cheni na kuligeuza bapa lisiliwe upande mmoja. Cheni ya saizi ya tatu kwa nane ya inchi tunainoa kwa tupa ya milimita 5.2, digrii 30, na vile vijino vya mbele vinavyopima kina tunavishusha kwa geji hadi milimita 0.65, si kwa kukadiria kwa jicho. Huyo kijana mwenye bandeji ndiye ananoa cheni za wenzake. Ndiye mliyemcheka.

Niruhusuni nirudi kauntani, maana jambo hili halijanitoka.

Alikuwa ameshika ukingo wa kaunta kwa mikono miwili kwa sababu mguu haukuweza kubeba uzito. Kiti kilikuwepo, kile cha plastiki karibu na mlango, kimewekewa helmeti za maonyesho. Hakuna aliyeziondoa ili akae. Nilisema kwa utulivu, "Tunaomba mtazame ndani ya hii suruali." Mhudumu hakutazama ndani. Alitazama bandeji, kisha uso wa kijana, ndipo akasema yale maneno: "Ingekuwa feki ungekuja hapa kwa miguu yako?" Watu wakageuka. Fundi akacheka kicheko cha sauti, si tabasamu. Kijana akainamisha kichwa akaniambia, "Tuondoke, mzee." Mhudumu alikuwa ameshaita, "Nani anafuata?" Mtu aliyeumizwa na bidhaa mliyomuuzia mwajiri wake alifanywa kituko mbele ya umma, na hamkumpa hata kiti.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kuomba mambo mawili tu: mnirudishie fedha za suruali zote, na mniwekee silinda na pistoni mpya bila malipo. Hayo bado nayataka. Ila hayatoshi.

Mlipe gharama za matibabu ya kijana na mshahara wake kwa muda wote atakaokuwa nje ya kazi. Mimi ndiye mwajiri. Kwa Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 ni wajibu wangu kumpa vifaa vya kinga, na OSHA, wakala wa serikali wa usalama kazini, wakija msituni wataniuliza mimi, hawatamuuliza mhudumu wenu. Nilinunua vifaa hivyo kwenu ili nitimize sheria, mkanipa sponji.

Muondoe suruali za aina hiyo dukani leo, si mkimaliza stoo. Muwapigie waliokwisha kununua, kumbukumbu za risiti mnazo. Kuna vikosi vinavyovuna shamba la miti la Sao Hill na wengine huko Njombe wamevaa hizo suruali sasa hivi wakiamini zinawalinda. Mtu anayejua hana kinga husimama kwa tahadhari zaidi ya anayeamini anayo, na hapo ndipo hatari ya suruali yenu ilipo. Na mtazame helmeti pia. Za kwenu zimeandikwa EN 397, kiwango cha helmeti za kazi, lakini ndani sikuona mwaka wala robo ya mwaka zilipotengenezwa, wakati kiwango hicho kinataka vyote viwili viwepo. Nimewazuia vijana kuzivaa na nataka fedha zake nazo.

Na mhudumu yule pamoja na fundi wamwombe kijana radhi. Si kwa simu, si kupitia kwangu. Wamwombe kauntani pale pale, wateja wakiwepo, na yeye akiwa amekaa kwenye kiti.

Nilifikiria kuwapa mwezi. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu la maandishi, nitakwenda Tume ya Ushindani kwa mujibu wa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumdanganya mteja kuhusu kiwango cha bidhaa, na Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Nitakwenda Shirika la Viwango na OSHA pia, na baada yao mahakamani kudai fidia kwa niaba ya biashara yangu, huku kijana akidai ya kwake. Wavunaji wenzangu wa hapa Mafinga nimeshawaambia, na baadhi yao wamefumua za kwao.

Msinitumie ofisa mauzo kunishawishi kwa punguzo la bei. Alishanipigia jana akiniahidi cheni mbili za bure. Sizitaki.

Suruali iliyochanika ninayo, niliyoifumua ninayo, na moja sijaigusa kabisa ili wakaguzi waikate wenyewe. Raba ya kabureta nayo ipo, pamoja na maelezo ya fundi yenye saini yake. Sitakabidhi chochote kati ya hivyo dukani kwenu. Mkitaka kuvikagua, mje Mafinga.

Nasubiri majibu yenu.

Mteja wenu,
Mkandarasi wa uvunaji miti, Mafinga
(saini)