Jumapili: kusubiri timu 64 za softiboli

Habari za jioni ndugu zangu. Jumapili tukutane kwa Mama Neema, hapa Oklahoma City, saa 11 jioni. Timu 64 zitakazocheza mashindano ya ubingwa wa softiboli ya wanawake wa vyuo vya Marekani zinatangazwa saa 12.

1. Mchango dola 10, mwisho Ijumaa. Apokee Baba Juma.
2. Mwenye birika kubwa alete, maandazi yapo.
3. Kila mtu aje na orodha yake ya timu 16 bora. Msifuate kura za makocha za kila wiki peke yake, kamati inayochagua timu huangalia pia ugumu wa ratiba, na timu hizo 16 kwa kawaida huanza mashindano kwenye uwanja wa nyumbani. Oklahoma walibeba ubingwa 2021 hadi 2024, Texas wakauchukua 2025. Pangeni kwa makini!

Tafadhali jibu "Nakuja", pamoja na idadi ya watoto, kufikia kesho saa 2 usiku.