Mkaguzi wa rangi aonyeshe leseni

Ndugu Mhariri,

Nachangia habari mliyochapisha kuhusu rangi yenye madini ya risasi, ambayo ni sumu hasa kwa watoto, katika nyumba za kupanga hapa Marekani. Wengi wetu tuliotoka Kongo tulianzia maisha katika nyumba hizo kuukuu. Rangi hiyo ilipigwa marufuku majumbani mwaka 1978, lakini ile ya zamani bado ipo, hasa kwenye madirisha: kila ukifungua, vumbi hudondoka, na mtoto anayetambaa hulilamba vidoleni.

Sheria ya shirikisho humtaka mwenye nyumba amweleze mpangaji anachokijua, haimlazimishi kupima. Basi asiyepima hana la kusema! Kwangu alikuja "mkaguzi", akagonga kuta mbili kwa kidole, akaaga. Mkaguzi mwenye leseni hupima chumba kwa chumba kwa kifaa cha eksirei, au hupeleka vipande vya rangi maabara, kisha huandika ripoti.

Rochester, New York, walianza kukagua hatari ya rangi hiyo katika nyumba za kupanga mwaka 2006. Miji mingine nayo idai ripoti ya mkaguzi mwenye leseni kabla nyumba haijapangishwa, na mkaguzi huyo asiwe yuleyule atakayelipwa kukwangua rangi.

Mpangaji,
Kentucky, Marekani