Karatasi ya polisi isitusikilizie rekodi

Mhariri, hili la sauti za watu zinazorekodiwa kwa siri na hazisikiki vizuri linaniuma sana. Sauti imejaa kelele, watu wanaongea kwa pamoja, halafu askari anayepeleleza kesi hiyohiyo ndo anaandika kilichosemwa na karatasi inapelekwa mahakamani. Ukishayasoma yale maneno sikio linayasikia hata kama hayapo, na huwezi tena kusikiliza kama mtu asiyejua kitu! Kule Australia, tangu kesi ya Butera 1987, jopo la raia wanaoamua kesi linaambiwa ushahidi ni sauti, karatasi ni msaada tu, ila onyo halifuti kilichoshaingia kichwani. Mtaalamu wa fonetiki, yaani elimu ya sauti za matamshi, Helen Fraser kashalipigia kelele sana hili. Kazi wapewe wataalamu wasioijua kesi, na pasiposikika paandikwe hapasikiki.