Barua kwa mwanangu: itoe dawa kwenye soksi

Mahenge

Mwanangu,

Jana ulipokuwa unafunga begi la shule nilikuona ukiificha pakiti ya dawa yako ya kifafa ndani ya soksi. Sikutaka kusema mbele ya wadogo zako, ndiyo maana nakuandikia.

Kovu la mkono wako unajua ni la moto. Sijawahi kukwambia kwamba lilitokana na mimi. Ulikuwa na miaka 7, miezi 8 imepita hujaanguka, nikasema mtoto amepona, nikaacha kukupa vidonge. Wiki ya pili ukaangukia jikoni. Kumbe ile kutoanguka ndiyo ilikuwa kazi ya dawa. Daktari alinieleza baadaye kwamba hufikiria kuipunguza mgonjwa akikaa angalau miaka 2 bila kuanguka, tena kidogo kidogo. Nisamehe, mwanangu.

Bibi yako alinisimulia kuwa zamani hapa mtu akiangukia motoni, wengine walisita kumvuta wakiogopa povu lake. Daktari Louise Jilek-Aall, aliyeanzisha kliniki ya kifafa hapa Mahenge mwaka 1960, aliwakuta wengi na makovu kama lako. Povu ni mate tu, halimwambukizi mtu. Kifafa ni umeme wa ubongo unaovurugika kwa muda. Kuna waliokipata kwa malaria iliyopanda kichwani, kwa kuumia kichwa, hata kwa mayai ya tegu wa nguruwe. Huku kwetu, vijiji vyenye usubi mwingi, yaani upofu wa mtoni, ndivyo vyenye wagonjwa wengi, ndiyo maana dawa ya usubi ikigawiwa siwaachi wadogo zako wakwepe. Wewe nilikuzaa kwa shida, ukachelewa sana kulia. Hakuna aliyekuroga. Shangazi yako aseme atakavyo.

Bwenini omba kitanda cha chini. Usikeshe ukisoma, maana usingizi ukipungua kinakuja. Na tafuta rafiki mmoja umwambie yote: ukianguka akuondolee vitu vya kukuumiza, akulaze ubavu, asikukandamize, asikutie kijiko mdomoni, atazame saa. Zikipita dakika 5 hujatulia, wakukimbize hospitali. Na matroni pia ajue.

Vidonge vya miezi 2 nimevifunga kwenye kanga ya kijani, chini ya daftari. Hiyo pakiti itoe kwenye soksi, uiweke pamoja na mswaki wako, uione asubuhi na jioni.

Mama yako