Hewa ya wizi katika Corolla yako

Temeke, Dar es Salaam

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye joto letu. Barua yako nimeisoma mara mbili, hasa pale unaposema kwamba sailensa ya Corolla, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama, hupanda na kushuka yenyewe kama mtu anayehema baada ya kupanda mlima, na kwamba fundi amekuandikia plagi mpya, pampu ya mafuta na sensa ya oksijeni. Nakusihi usinunue chochote kwanza. Ugonjwa huohuo ulilipata gari langu mwaka jana, nikabadilisha plagi na pampu, fedha zikaenda na gari likaendelea kuhema vilevile, kumbe kilichokuwa kikilisumbua ni kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole.

Injini yako ni 5A-FE kama yangu, nayo haina kifaa cha kupima hewa inayoingia. Ina sensa ya presha tu, iliyounganishwa na manifoldi ya hewa (mabomba yanayoipeleka hewa kwenye silinda) kwa mpira mwembamba. Hapo ndipo mafundi wengi wanapopotea. Katika gari lenye kipima hewa, hewa inayopenya kwenye ufa haihesabiwi, hivyo mchanganyiko unapungukiwa petroli na injini hutetemeka au kuzimika. Katika haya yetu, hewa ya wizi, yaani hiyo inayopenya kwenye ufa, hupandisha presha ndani ya manifoldi, kompyuta nayo huona kwamba injini imepokea hewa zaidi, inaongeza petroli, na mzunguko unapanda. Ukipanda mno ilhali mguu wako haupo kwenye mafuta, kompyuta hukata petroli. Mzunguko unaanguka, petroli inarudishwa, na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana taa ya injini haikuwaka: kila sensa inasema kweli.

Pasha injini moto kwanza, kwa maana ikiwa baridi sailensa huwa juu kwa kawaida yake. Kisha zima redio na feni, chukua mpira mtupu wenye urefu wa mkono, weka ncha moja sikioni na nyingine uipitishe polepole karibu na kila kiungo huku ukijihadhari na mikanda. Penye ufa utasikia mluzi kama wa birika linalokaribia kuchemka. Usiposikia kitu, bana mipira mmoja baada ya mwingine kwa plaizi iliyofungwa kitambaa. Ule ambao ukibanwa mzunguko unatulia ndio wenye ugonjwa, ama wenyewe ama kifaa kilicho mwisho wake. Ule unaotoka kwenye valvu ya mvuke (inayorudisha mvuke wa injini kwenye manifoldi) juu ya injini hushusha mzunguko kidogo hata kwenye gari zima, basi usiuhukumu haraka. Wangu ulikuwa huohuo, lakini ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Niliupata kwa kuuvua na kuukunja mkononi.

Busta ya breki, kifaa kinachotumia mvuto wa manifoldi kulainisha pedeli, ina jaribio lake. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita hadi pedeli iwe ngumu, ikandamize, halafu washa injini. Pedeli inapaswa kuzama kidogo. Isipozama, usiliendeshe gari hilo hata hadi dukani mpaka busta, mpira wake na valvu yake vikaguliwe.

Gasketi ya manifoldi na mipira ya nozeli za kupulizia petroli hazibaniki, kwa hiyo nyunyizia maji machache kwa chupa ya kupulizia na usikilize kama sauti inabadilika. Wapo wanaonyunyizia petroli. Wewe usifanye hivyo kabisa, kwani waya za plagi zilizozeeka huruka cheche, na hata hayo maji uyaweke mbali na distributa. Gasketi ikivuja kwenye silinda moja tu, utahisi zaidi mtikisiko wa injini iliyopungukiwa silinda moja kuliko huko kupanda na kushuka.

Ukiazima kwa mtu geji ya vakyumu, ile inayopima mvuto wa hewa ndani ya manifoldi, kumbuka unaishi juu. Hapa Dar injini nzima husoma inchi 18 hadi 20 za zebaki, lakini huko kwako Arusha, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, utapoteza inchi nne au tano. Fundi asije akakufungulia injini kwa sababu umesoma 15! Mshale uliotulia ni muhimu kuliko namba yenyewe.

Mpira mpya uwe wa kustahimili mafuta na joto, wenye tundu la kipimo kilekile. Ule wa bustani hunyonywa ukajibana, na gundi ya silikoni iliyopakwa juu ya ufa hubanduka injini ikipata moto. Na jambo moja nililotaka kukuuliza: je, fundi wako aligusa skrubu ya sailensa? Wangu aliikaza ili mzunguko ushuke, akawa ameficha tu ugonjwa; nilipoziba ufa, gari likawa linazimika kila nikisimama kwenye taa, nikadhani nimeliharibu. Itabidi uirudishe taratibu mpaka injini ikae kati ya 700 na 800 kwa dakika.

Mpira utakaoukuta umepasuka usiutupe. Nenda nao dukani kama kipimo, kisha uniandikie ulikuwa upi. Msalimie shemeji na watoto.

Wasalaam,

Rafiki yako wa Temeke