Malalamiko kuhusu kebo pungufu iliyofungashwa na kifaa cha kuhifadhia data

Kwa Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu niliyenunua kifaa chenu cha kuhifadhia data kwenye mtandao wa nyumbani, chenye diski mbili, ili kila mmoja katika familia aweze kuweka na kufungua faili zake kutoka kwenye kompyuta au simu yake. Ninawaandikia kwa sababu kebo mliyoiweka ndani ya boksi haina uwezo wa kufikia kasi ambayo boksi lenyewe linaitangaza, na kwa sababu wahudumu wenu, badala ya kunisaidia kuligundua hilo, walinielekeza mara mbili nifute diski.

Ubavuni mwa boksi mmeandika kwamba kifaa kina tundu la mtandao la megabiti 1,000 kwa sekunde. Ruta yangu ina matundu ya kasi hiyohiyo, na laptopu yangu vilevile. Nilichomeka kebo yenu kati ya kifaa na ruta, kifaa kikapewa anwani na ruta na kuonekana kwenye laptopu baada ya dakika chache tu. Sehemu hiyo mliitengeneza vizuri. Kisha nikaanza kuhamisha takribani terabaiti 2 za picha, video na sauti za wazee wetu tulizowarekodi wakisimulia, ambazo zote zilikuwa kwenye diski ya zamani iliyoanza kutoa mlio wa kugongagonga. Kasi ikaganda kwenye megabaiti 11 kwa sekunde (megabaiti moja ni megabiti 8). Kwa mwendo huo kazi ingechukua zaidi ya saa 50, ilhali muunganisho wa megabiti 1,000 hubeba kama megabaiti 110 kwa sekunde, na ungeimaliza kwa saa 5 hivi. Anayenakili kutoka kwenye diski inayokaribia kufa hana saa 50 za kuchezea.

Mhudumu wa kwanza alisema tatizo ni waifai, ingawa nilikuwa nimeshamweleza kwamba laptopu nayo imeunganishwa kwa waya. Wa pili akasema intaneti yangu ni ya kasi ndogo. Nilichomoa waya wa intaneti kwenye ruta yeye akiwa bado kwenye simu, na faili ziliendelea kuhama kwa megabaiti zilezile 11, kwa kuwa zinatoka kwenye laptopu, zinapita kwenye ruta na kuingia kwenye kifaa bila kutoka nje ya nyumba. Hapo ndipo aliponiambia nirudishe kifaa kwenye mipangilio ya kiwandani na kuziandaa diski upya. Hakuniuliza ndani yake mna nini. Hakunitahadharisha kwamba kila nilichokwisha kukihamisha kingefutika. Mhudumu wa tatu alirudia agizo hilohilo kwa maandishi. Kama ningelitii huku diski ya zamani ikizimika, sauti za marehemu babu yangu zisingekuwepo tena popote, na hili ndilo linaloniuma kuliko ucheleweshaji wenyewe.

Jibu lilikuwa mbele ya macho yetu sote. Megabiti 100 ukizigawa kwa 8 unapata megabaiti 12.5, na baada ya kutoa mzigo wa mawasiliano yenyewe hubaki kama 11. Fundi wa mitandao akiiona namba hiyo hujua kwamba muunganisho umeshuka hadi megabiti 100. Taa ya tundu la kifaa nayo iliwaka rangi ya chungwa, ambayo kwa mujibu wa kijitabu chenu ndiyo maana yake. Nilibadilisha kebo tu, bila kugusa mpangilio wowote: taa ikageuka kijani na kasi ikapanda hadi megabaiti 108. Ndipo nikaimulika plagi ya kebo yenu kwa tochi. Ni ya plastiki angavu yenye nafasi nane, lakini ndani yake mna nyuzi nne tu: nyeupe yenye mstari wa chungwa, ya chungwa, nyeupe yenye mstari wa kijani, na ya kijani. Nafasi ya 4, 5, 7 na 8 ni tupu. Kasi ya megabiti 1,000 huhitaji jozi zote nne za nyuzi. Zikiwepo mbili tu, kifaa na ruta hukubaliana kushuka hadi 100 na kuendelea kimyakimya bila kuonyesha kosa lolote.

Siombi kurudishiwa fedha, kwani kifaa chenyewe ni kizima. Ninaomba mnitumie kebo yenye nyuzi zote nane, na mkague kebo za maboksi mengine ya aina hii mliyokwisha kuyauza, maana wapo wateja wanaovumilia kasi hiyo wakidhani ndiyo waliyoilipia. Zaidi ya yote, ninaomba mwongozo wa wahudumu wenu ubadilishwe, ili waulize kwanza rangi ya taa na kumtaka mteja ajaribu kebo nyingine, na asiwepo anayeambiwa afute diski kabla ya kuulizwa kama ana nakala mahali pengine.

Nimeambatisha picha za plagi, picha za taa kabla na baada ya kubadilisha kebo, pamoja na ujumbe wa mhudumu wa tatu. Ninatarajia majibu yenu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Wako mwaminifu,
Mteja wenu