Flagyl si dawa ya kila anayeharisha

Mhariri,

Tunaomba nafasi tuzungumzie vidonge vya Flagyl, yaani metronidazoli, ambavyo kwenye maduka mengi ya dawa hutolewa mara tu mteja anaposema tumbo linamwendesha. Watu huamini dawa hiyo inasafisha tumbo. Kwa kuhara kwa kawaida haisafishi kitu, na inaweza kuwafungulia mlango wadudu wale wale tunaowaogopa.

Utumbo mpana umetandikwa kwa ndani safu moja ya seli. Chakula chao kikuu ni butireti, ambayo hutengenezwa na bakteria wa kundi la Klostridia wanapochachusha nyuzinyuzi za mboga, maharage na dona. Seli zikiunguza butireti hutumia oksijeni nyingi, hivyo ndani ya utumbo hufika kidogo mno. Salmonella na E. coli, bakteria wanaoweza kuleta kuhara na ambao wangenufaika na oksijeni, hubanwa.

Klostridia wakifa, butireti hukatika. Seli hugeukia sukari, ambayo huivunja bila oksijeni, na oksijeni iliyobaki huvujia ndani ya utumbo. Utafiti wa mwaka 2016 uliofanywa kwa panya waliopewa streptomisini ulionyesha Salmonella wakiitumia hiyo hiyo kuongezeka.

Kuna na zaidi. Bakteria wa tumboni hutoa hidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka yai viza. Ni sumu, kwa hiyo seli za ukuta huigeuza kuwa thiosalfeti. Ukuta ukivimba, seli nyeupe za damu humwaga kemikali kali, na thiosalfeti hugeuka tetrathioneti. Salmonella ana protini kwenye utando wake, TtrS, inayoinusa tetrathioneti na kuiarifu nyingine, TtrR, ambayo huwasha jeni za kupumulia kemikali hiyo badala ya oksijeni. Yowe la ukuta unaoumia humfikia adui, naye akalifanya pumzi yake. Kundi la Andreas Bäumler wa Chuo Kikuu cha California, Davis, lilieleza hayo mwaka 2010, ingawa maabara zilikuwa zikikuza Salmonella kwa mchuzi wenye tetrathioneti tangu mwaka 1923.

Sasa turudi kwenye kidonge. Metronidazoli haiui mpaka ibadilishwe ndani ya kiumbe kinachoishi bila oksijeni. Ndiyo maana inafaa kwa vimelea vya amiba na giardia, vikionekana kwenye kipimo cha choo. Salmonella na E. coli haiwatibu, wala virusi vya rota. Inaoweza kuwaua ni Klostridia, walinzi wenyewe. Mgonjwa akipona, kidonge husifiwa, kumbe kuhara kwingi kwa maji hukoma kwenyewe baada ya siku chache.

Mtoto anayeharisha maji apewe ORS na zinki. Soma pakiti kwanza, maana zipo za lita moja na za nusu lita, kisha pima maji yaliyochemshwa na kupoa kwa chupa yenye kipimo, si kwa kukisia na jagi. Maji yakipungua, mchanganyiko mzito huvuta maji ya mwili kuingia utumboni, kuhara huzidi na chumvi hupanda kwenye damu. Yakizidi, chumvi iliyopotea hairudi. Usiuchemshe mchanganyiko, na ukipita saa 24 umwage. Aliye chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo. Mkubwa zaidi, 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko. Aendelee pia kunyonya na kula.

Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea: choo kikikaza siku ya tatu, vidonge vinawekwa kabatini. Siku zinazobaki zina kazi, kwani zinki husaidia ukuta wa utumbo kujijenga upya na hupunguza kuhara katika miezi 2 hadi 3 inayofuata.

Wauzaji wa dawa tunawaomba waulize kabla ya kufungua kopo: choo kina damu? Kinafanana na maji ya mchele? Macho yamedidimia, mtoto amelegea au hawezi kunywa? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, aende kituo cha afya saa hiyo hiyo, njiani akiendelea kunyweshwa ORS kama anaweza kumeza.

Wafamasia wawili,
Morogoro